Madoa ya rangi ya chai: kisa cha ubao wa pasi wa zamani

Mama mmoja wa Majengo, Mombasa, anayeishi siku hizi hapa Minneapolis, alinipigia simu wiki ya kwanza ya Ramadhani. Alikuwa na kanzu saba za watu, zote nyeupe, zote za kuvaliwa Idd. Amezifua kwa mkono, amezitia dondo, na kila anapomaliza kupiga pasi anakuta madoa ya rangi ya chai. Anafua upya, anapiga pasi upya, madoa yanarudi.

"Mwanangu, maji nimebadilisha, sabuni nimebadilisha, pasi nimenunua mpya. Tumebaki mimi na ubao."

Ubao wenyewe ulikuwa na wiki tatu tu nyumbani kwake. Nilipomuuliza ni wa namna gani, akasema ni wa mti, mzito, wa miguu mitatu ya kukunja, umefunikwa kitambaa cha rangi ya fedha. Nikamwomba asiutumie mpaka nifike. Nilidhani ni kutu tu. Nilikwenda jioni ile ile baada ya futari, na kazi niliyoipangia saa moja ikatuchukua siku 17.

Mimi ni seremala, na nakusanya mbao za pasi za namna hiyo. Ninazo 11, nne kati yake nazitumia. Baba yangu alikuwa dobi Ngamiani, Tanga, na hakuwahi kumiliki ubao wa pasi. Alipigia juu ya mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku mawili na kutandikwa blanketi na shuka, kwa pasi ya mkaa. Ubao mwembamba wa miguu ya kukunja nimeukuta ugenini na nimejifunza kuupenda ugenini. Kinachonivuta ni kwamba umetengenezwa na watu walioijua kazi: uzito uko pale mkono unapobonyeza, na wembamba uko pale mkono wa nguo unapovishwa.

Kwa nini alinunua ubao mzee

Hapa mtu mzima akifariki, au akihamia kwa wanawe, nyumba hufunguliwa siku mbili tatu na kila kilichomo kikauzwa, kuanzia kitanda hadi vijiko. Ndiko mama alikoukuta, kwa dola 15. Ule wa bati aliokuwa nao mwanzo ulikuwa unacheza kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mkono wake ni mzito, kanzu aliyoitia dondo inataka kubonyezwa hasa, na kila akibonyeza ubao unakimbia. Alipouegemea huu wa mti pale nyumbani kwa marehemu, haukusogea. Akalipa bila kupatana bei.

Nasema wazi kwamba alichagua vizuri. Wapo wanaoona ubao wa mti ni kitu cha kuning'iniza ukutani na kuwekea vyungu vya maua, na huu wa bati wa leo ndio wa kazi. Kwa shuka na fulana, sawa. Kwa mtu anayepiga kanzu kwa malipo, ubao mzito wa mti hauna mfano, ukiwa mzima. Kosa la mama halikuwa kununua.

Nikaupindua kuutazama chini. Urefu mita 1 na sentimita 35, upana sentimita 37 kwenye mabega, ncha imechongwa hadi sentimita 15. Uso ni mbao tatu zilizounganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, unene milimita 16, na chini yake pau mbili za kuzikaza. Kulikuwa na chapa ya kiwanda cha hapa hapa Minneapolis, herufi nusu zimefutika. Skrubu karibu zote zilikuwa za mkato mmoja. Mbili tu, kwenye mguu wa nyuma, zilikuwa za kichwa cha msalaba. Skrubu za msalaba ziliingia viwandani Marekani kuanzia 1936, kwa hiyo mguu ule ulikwisha kutengenezwa baadaye, na inaelekea sehemu iliyobaki ni ya kabla. Skrubu mbili zile nilizitaja kwa mama kama jambo la kupendeza tu. Zilikuja kutufaa siku chache baadaye.

Madoa yalikuwa ya aina mbili

Nilichukua kanzu moja nikaipeleka chini ya taa. Mama alikuwa akisema "doa" kama ni kitu kimoja, kumbe yalikuwa mawili yanayofuatana. La kwanza ni vitone vya rangi ya chungwa, vidogo kama punje za mtama, vimejipanga mstari, kimoja hadi kingine sentimita mbili na nusu. La pili ni wingu la kahawia hafifu, lenye ukingo uliokolea kuliko katikati yake, kama chai iliyomwagikia karatasi ikakauka.

Vitone havikunihangaisha. Nikaitandika kanzu juu ya ubao vile anavyoitandika yeye, mstari wa vitone ukalala sawasawa na ubavu wa ubao. Nikapapasa chini ya kitambaa cha fedha, nikagusa vichwa vya misumari midogo iliyopigwa ubavuni kushikilia kitambaa cha ndani. Sentimita mbili na nusu kati ya msumari na msumari. Mvuke wa pasi unaloweka, msumari unatoa kutu, na kanzu inayopita juu yake inapokea.

Wingu ndilo lililotaka ushahidi. Nikachukua kitambaa safi cheupe, nikakilowesha, nikakikunja mara mbili, nikakiweka katikati ya ubao na kukibonyeza kwa pasi ya moto bila kanzu yoyote, mpaka kikakaribia kukauka. Nilipokiinua, upande wa chini ulikuwa umepata rangi ya chai ya rangi. Mama akakishika, akakinusa, akasema kinanuka sanduku la zamani. Hakukosea. Pamba na mbao zinazozeeka kwa joto huvunjika taratibu na kutoa vitu vya kahawia vinavyoyeyuka kwenye maji. Mvuke ukishuka unaviyeyusha, na pasi ikikausha kutoka juu maji yanapanda nayo na kuviacha pale yanapoishia, yaani kwenye kitu cha juu kabisa: kanzu. Ndiyo maana ukingo wa wingu umekolea. Ni pale maji yalipokomea.

Kwa hiyo pasi mpya isingesaidia, na sabuni isingesaidia. Kila mara alipopiga pasi alikuwa anaisafisha godoro ya ubao na kuipakia kanzu uchafu wake.

Tabaka kwa tabaka

Nikaanza kufungua, nikang'oa misumari kwa koleo nikiikusanya kwenye kikombe. Kitambaa cha fedha kilitoka chenyewe, mpira wake wa kukazia umekufa. Chini yake kulikuwa na sponji iliyogeuka unga wa njano, laini kama unga wa dengu. Chini ya sponji, shuka ya pamba iliyokunjwa mara mbili, imeungua mahali pawili, na alama moja ni ya pasi kamili, ncha na visigino. Chini ya shuka niliona pindo la blanketi la sufu.

Upande mpana, pale mtu anapoegesha pasi, kulikuwa na kipande cha kijivu kilichoshonwa kwa mkono juu ya shuka. Kikubwa kama sinia ya vikombe. Kizito kuliko pamba, na kingo zake zimechanika na kutoa nyuzi fupi laini, kama manyoya ya paka.

Hapo nikaweka koleo chini.

Nilipaswa kuwa nimevaa barakoa kabla ya kuinua kitambaa cha kwanza, na sikuvaa. Naandika hivi kwa sababu ninazo mbao 11, nimefungua nyingi kuliko hizo, na bado jioni ile niliingia kama mtu aliyekwenda kung'oa misumari. Ubao wa umri ule, wenye kitambaa cha fedha kilichowekwa juu ya vingine, lazima udhaniwe una asbesto, madini ya nyuzi zinazodhuru mapafu zikivutwa, mpaka ithibitike vingine. Vifuniko na mito ya mbao za pasi iliuzwa kwa miaka mingi Marekani ikiwa na asbesto ndani, kwa sababu haiungui, na sehemu ya kuegeshea pasi ndiyo iliyoipata zaidi. Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tunaijua asbesto kama vigae vya paa. Hatuitafuti kwenye nguo. Wenyewe hapa waliwahi kuikuta mpaka kwenye mashine za kukaushia nywele, na mwaka 1979 mashine nyingi zikaondolewa madukani kwa sababu hiyo.

Nikamwambia mama, "Naomba tutoke chumba hiki. Wajukuu wasiingie, na tuzime feni ya joto."

Akanitazama. "Ni sumu?"

"Huenda. Hatujui mpaka ipimwe, na kwa macho haijulikani."

Feni ilikuwa muhimu. Machi hapa bado ni baridi, na nyumba inapashwa joto kwa hewa inayosukumwa kwenye mabomba kwenda vyumba vyote. Vumbi la chumba kimoja ni vumbi la nyumba nzima. Nikatia maji kwenye chupa ya kunyunyizia pamoja na matone machache ya sabuni ya vyombo, nikavaa barakoa ya chujio za P100, zile za kuzuia vumbi laini kabisa, niliyoitoa kwenye gari, nikalowesha kipande kile na kila kilichokizunguka mpaka kikawa chapachapa. Nikakata kipande kidogo kikiwa kimelowa, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki na mfuko mwingine juu yake. Ubao wote, pamoja na tabaka zake na kikombe cha misumari, nikauzungushia plastiki nene na kuufunga kwa gundi ya utepe. Sakafu sikuifagia wala kuipitishia mashine ya kufyonza vumbi, kwa kuwa mashine ya kawaida hunyonya nyuzi zile mbele na kuzitoa nyuma. Niliifuta kwa vitambaa vilivyolowa, navyo vikaingia mfukoni.

Mama alikaa jikoni na tasbihi yake. Nilipotoka aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Mwanangu, wiki tatu nimekuwa nikiivuta?"

Nilimjibu kwa ninachokijua. Maradhi ya asbesto, yaani saratani ya mapafu, ile ya utando wa mapafu, na makovu yanayoziba pumzi, yamewapata hasa watu waliofanya kazi nayo kwa miaka: migodini, viwandani, kwenye karakana za meli. Huchukua miongo kabla ya kuonekana. Hakuna kiasi ambacho wataalamu wamekiita salama, lakini hatari huongezeka kadiri mtu anavyovuta nyingi na kwa muda mrefu, na kipande kile kilikuwa kimefunikwa na sponji na kitambaa cha fedha. Wiki tatu za kuegesha pasi juu yake ni jambo dogo. Kukikwaruza, kukipiga msasa au kukikung'uta uani lingekuwa jambo kubwa zaidi kuliko wiki zile tatu. Nikamshauri amweleze daktari wake ili iandikwe kwenye faili lake, basi. Akaniambia, "Nimekuelewa," na akaniletea chai.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku nne: crisotile, asbesto nyeupe, ile iliyotumika kuliko zote, ambayo Marekani ilitangaza kuipiga marufuku Machi 2024.

Ubishi wa kifuniko

Siku nilipopata majibu nilimpigia mkusanyaji mwenzangu, mtu ninayemheshimu na aliyenifundisha mengi. Ushauri wake ulikuwa kuuacha ubao kama ulivyo, kuuzungushia plastiki ngumu na kuuweka kama pambo. Kwake yeye, ubao ukivuliwa kifuniko chake cha asili unakuwa mti tu, na thamani imekwenda.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Kwa vitu vingine naikubali: kiti chenye ngozi yake ya kwanza sikivui. Lakini kwa ubao wa pasi nadhani imegeuzwa juu chini, na ubao huu ulikuwa na ushahidi wake wenyewe. Nilipokuwa nang'oa misumari nilihesabu matundu ubavuni. Kwenye sentimita 10 za ukingo kulikuwa na misumari minne na matundu 14. Yaani kitambaa kilichokuwapo hakikuwa cha kwanza, wala cha pili. Mguu ulikwisha kutengenezwa, zile skrubu mbili zilishasema. Ubao huu umetumika na kutunzwa na watu ambao kila kifuniko kilipochakaa walikitoa na kuweka kingine. Kifuniko kilikuwa kitu cha kuisha, kama utambi wa taa. Cha kudumu kilikuwa mti, pau, na mkunjo wa miguu. Anayehifadhi kifuniko cha mwisho na kuuacha ubao usitumike anahifadhi kitu ambacho wenyewe walikuwa karibu kukitupa.

Na ukweli mwingine ni wa nyumbani zaidi. Mama hakununua pambo. Alinunua mahali pa kuegemea mkono wake.

Tukakubaliana hivi: kila kitu laini kiondoke, chote, hata blanketi la sufu ambalo ningelipenda kuliokoa. Nikapiga simu ofisi ya kaunti inayohusika na taka za hatari, wakanieleza namna ya kufunga, cha kuandika juu ya mfuko na pa kupeleka. Kazi ya kuvua niliifanyia gereji yangu, juu ya plastiki, kila kitu kimelowa, nikiwa peke yangu. Mti nikaufuta kwa vitambaa vyenye maji mara tatu, nikibadilisha kitambaa kila baada ya viganja viwili.

Mti

Ulipokauka niliona kwamba uso umebonyea katikati kama sinia. Nikaweka rula ukingo hadi ukingo: milimita 5. Sababu ni mvuke tena. Uso wa juu unapokea maji ya pasi, nyuzi zake zinataka kuvimba, lakini mbao kavu ya chini na pau zinaushikilia. Zikikosa pa kwenda zinajibana na kuumia. Ukija ukavu, na hewa ya ndani ya majira ya baridi hapa ni kavu hasa, zinasinyaa kuliko zilivyokuwa mwanzo, na ukingo unainuka. Rudia hivyo miaka na miaka.

Seremala yeyote akiona mbonyeo huo mkono unatafuta randa. Nilikataa kuranda, na kupiga msasa nilikataa zaidi, kwani sikuweza kuapa kwamba hakuna unyuzi wa asbesto uliokwama kwenye nyufa za mti. Hata kama ingekuwa salama, kutoa milimita 5 kwenye unene wa 16 ni kuuchukua ubao uliokuwa imara na kuufanya kama ule wa bati. Sinia ikabaki. Nilikata ukanda wa sufu nzito kwa umbo la mbonyeo nikaujaza, na juu yake ndipo vikaja vya ubao mzima. Mkono ukipita hauhisi kitu.

Mguu wa nyuma ulikuwa unayumba kwa sababu tundu la bolti limekuwa yai. Niliufungua, nikapanua tundu kwa kekee, nikaliziba kwa kigingi cha mti mgumu na gundi, nikatoboa upya, nikarudisha bolti na washa mpya pande zote mbili. Saa moja, labda na nusu. Skrubu mbili za msalaba niliziacha.

Vanishi sikupaka. Watu wengi hupaka, kwa nia njema, ili mti ung'ae. Vanishi nyingi na laki hulainika kwa joto la pasi, zikashika kitambaa na kutoa rangi, na hapo umejirudishia madoa yale yale kwa jina jingine.

Marekani kwa Marekani

Kwa kifuniko nilimwambia mama tununue marekani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone. "Marekani tuko, sasa twenda kununua marekani?"

Ndivyo hasa. Kitambaa kile cha pamba kigumu kisichopaushwa kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, karne ya 19. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ni wa 1833. Kilipendwa bara na pwani kwa ugumu wake mpaka jina la nchi likawa jina la nguo, na sisi tukabaki nalo. Na kitambaa hicho hicho ndicho akina mama wa hapa walichofunikia mbao zao za pasi kabla ya hivyo vitambaa vya rangi ya fedha na sponji. Duka la vitambaa wanakiita muslin. Usidanganyike, si melimeli, ile pamba nyembamba laini. Ukikiona ni cheupe cha maziwa, kina vidoa vya mbegu ya pamba na kinakwaruza kidogo kiganjani, ndicho.

Tulikiroweka usiku kucha ili dondo la kiwandani litoke na kisinyae kitakavyosinyaa, kikafuliwa kwa maji ya moto mara mbili. Chini yake nikaweka tabaka mbili za sufu tupu. Nasisitiza tupu. Sufu hunyonya mvuke na kuuachia taratibu, wala haiwaki kwa urahisi. Blanketi lenye nyuzi za plastiki hulainika chini ya pasi ya pamba, likaganda, likawa gumu pale pale unapolihitaji laini. Nyumbani baba alilijua hili bila kuambiwa na mtu. Blanketi jipya alilichoma unyuzi mmoja kwa kiberiti kabla ya kulitandika: ukinuka nywele alilichukua, ukidondoka tone alilirudisha dukani.

Misumari hatukurudisha hata mmoja. Mama alishona upindo kuzunguka marekani yote na kupitisha uzi ndani yake, kama kiuno cha suruali ya kufunga, ukavutwa na kufungwa chini ya ubao. Kikichafuka anafungua, anafua, anarudisha. Kwa sababu sasa kinafulika, wingu la kahawia halina mahali pa kulundikana. Pasi inaegeshwa kwenye kibao cha chuma chenye miguu, kando, nje ya kitambaa.

Mikono ya kanzu

Jioni ya kwanza ya kujaribu nilimtazama akipiga. Kanzu aliivisha kwenye ncha ya ubao, akaizungusha, mshono ukalala katikati ya mti badala ya kukunjamana juu ya mshono wa pili. Darizi ya shingoni aliigeuza uso chini juu ya sufu, akabonyeza bila kuburura, ili nyuzi zizame kwenye ulaini na zisilale. Mikono aliiacha mwisho.

Nilimsimulia habari za Sarah Boone. Alizaliwa utumwani North Carolina, akahamia New Haven, Connecticut, akawa fundi wa nguo, na tarehe 26 Aprili 1892 akapewa hati ya uvumbuzi namba 473,653 ya ubao wa pasi. Wengi husema ndiye aliyevumbua ubao wa pasi, na mimi naona wanampunguzia. Hati za meza za pasi zilikuwapo Marekani tangu 1858. Alichofanya yeye ni kutengeneza ubao mwembamba uliopindwa kwa umbo la mkono wa nguo na kiuno, unaogeuzika ili mkono wa kushoto na wa kulia, ndani na nje, vyote vipate mahali. Hilo ni wazo la mtu aliyesimama na nguo mkononi, akaona mkunjo unatokea upande wa pili kila anapoondoa wa upande huu. Mama alisikiliza bila kuinua macho kwenye kazi. Kisha akasema, "Huyo alikuwa fundi."

Kanzu zenyewe

Zilibaki kanzu saba na siku chache. Vitone vya kutu tulivitibu kwa ndimu na chumvi, dawa ambayo hakuhitaji kufundishwa: kamulia, nyunyizia, acha, rudia. Nyumbani jua lingemaliza kazi kwa mchana mmoja. Jua la Machi la Minneapolis liliposhindwa tuliongeza muda. Ninachoongeza ni kwamba lazima isuuzwe sana kabla ya pasi, kwa sababu tindikali ya ndimu ikibaki kwenye pamba na kukutana na joto inaidhoofisha, na kanzu itakuja kutoboka pale pale baada ya miezi. Wingu la kahawia lilitoka kwa kuroweka kwenye maji ya moto na unga wa kung'arishia usio na klorini.

Tano zilitakata kabisa. Mbili zilibaki na vitone hafifu kwenye paja la kushoto. Hizo ndizo alizokuwa amezitia jiki kabla hajanipigia simu, na jiki haitoi kutu, huikaza ikashika nyuzi. Aliwaeleza wenyewe ilivyokuwa, wa kwanza akachukua yake akisema haionekani, wa pili mama akamshonea nyingine.

Ubao uko kwake, sebuleni, karibu na dirisha. Chini yake, kati ya pau mbili, nimebandika kadi yenye tarehe: asbesto imeondolewa pamoja na tabaka zote laini, mti umefutwa kwa maji na haukurandwa, usipige msasa, sufu tupu na marekani, bolti ya mguu wa nyuma ni mpya. Mama aliomba kalamu, akaongeza kwa mkono wake kwamba kifuniko kifuliwe kila mwezi.